Mgaboni wa Huanshi Zhonglu

Jumatatu, 13 Aprili
Kuta za bweni zinatoka jasho, soksi hazikauki, lakini leo nina furaha. Profesa Liang anatafuta msaidizi wa kufundisha kozi yake mpya: Kifaransa kinavyozungumzwa na watu wa nchi mbalimbali. Tuko wawili tu tunaoitaka nafasi. Mimi, Nikodemu wa Singida, na Swalha wa Unguja. Kila mmoja arekodi wafanyabiashara wa Kiafrika wakizungumza kama wanavyozungumza siku zote. Ijumaa profesa atasikiliza na kuchagua. Nikikosa, kibali changu cha kuishi China kinakwisha, narudi Singida kuuza alizeti dukani kwa shemeji. Shemeji yule! Sitaki hata kumfikiria. Ila Swalha Kifaransa chake ni cha kuombea maji. Nafasi ni yangu.

Jumanne, 14 Aprili
Nimedamkia soko la Shahe kwenye nguo za jumla. Nikamwomba Mguinea mmoja nimfuate duka hadi duka na simu yangu. Akakubali. Hakutamka neno! Anaonyesha suruali, laobani mwenye duka anabonyeza bei kwenye kikokotoo. Mguinea anafuta, anabonyeza yake. Laobani anashika kichwa, anabonyeza tena. Asubuhi nzima! Nimesikiliza rekodi nikiwa kitandani: ti, ti, ti. Kifaransa pekee kilichomo ni changu, nikimwomba radhi mama niliyemkanyaga. Nilisahau kwamba hata mimi sokoni hununua hivyohivyo.

Jumatano, 15 Aprili
Leo ofisi ya mizigo ya Wakongo wa Bukavu. Nikasalimia kwa Kifaransa kilichonyooka. Wakaitikia kwa Kifaransa. Raha iliyoje! Kisha wakaniuliza kwetu wapi, nikajibu Tanzania. Kosa! Ofisi nzima ikahamia kwenye Kiswahili: jirani yetu huyu, mpeni kiti, mpeni soda. Nikawasihi warudi kwenye Kifaransa. Mzee mmoja akataka kujua Kiswahili kimenikosea nini. Nimerudi na soda tumboni na rekodi isiyofaa kitu.
Tatizo nimeliona. Tatizo ni utanzania wangu. Kesho nauacha nyumbani.

Alhamisi, 16 Aprili
Leo mimi Mgaboni. Miwani ya jua, kofia, sauti ya kupitia puani. Nimepanda ghorofani kwa Mama Nsimire, mama wa Bukavu mwenye mgahawa barabara ya Huanshi Zhonglu, nikajitambulisha kwa Kifaransa. Wateja wakaniuliza mji gani wa Gabon. Nikakohoa mpaka wakanihurumia.
Mambo yakaanza vizuri, halafu yakanichanganya. Wananijibu kidogo kwa Kifaransa, kisha wanageukiana na kunijadili kwa Kiswahili, mimi nipo hapohapo! Mama Nsimire akasema, “Kifaransa yake iko sawa redio yenye kuharibika.” Mwingine akaongeza kwamba nakula sombe, kisamvu chao, kama mtu aliyetoka jela. Nikatabasamu kijinga, nikitafuna matusi yangu. Inauma!
Swalha naye alikuwepo meza ya pili, simu yake mezani, akicheka na kina mama kwa Kiswahili. Siku nzima ya kazi anapiga soga! Alinitazama kwa muda mrefu, akainama kwenye sahani mabega yakimtikisika. Hakunitambua. Miwani mizuri sana ile.
Simu yangu nilikuwa nimeificha chini ya meza, karibu na feni. Nimerekodi feni.

Ijumaa, 17 Aprili
Sielewi dunia hii. Profesa alisikiliza kikokotoo changu, akasikiliza feni, akavua miwani na kuifuta. Kisha akaweka rekodi ya Swalha. Wakongo wanaanza sentensi kwa Kifaransa, katikati wanaingia Kiswahili, wakichekeshwa wanamalizia kwa Kilingala. Fujo tupu! Profesa akapiga meza kwa furaha. Akasema kozi yake ndiyo hiyo hasa, Kifaransa kikiishi nyumba moja na lugha nyingine. Nafasi kampa Swalha. Nimeumia, nimeumia sana. Alizeti nimeanza kuinusa.
Halafu humohumo kwenye rekodi ya Swalha ikasikika ile sauti yangu ya puani. Profesa akauliza ni nani huyo, kwani Kifaransa cha namna hiyo hajawahi kukisikia. Akaniomba nitafsiri kina mama wanasema nini juu yake. Nifanyeje? Nikatafsiri: wanasema ni Mgaboni mwenye heshima, na sauti yake ni ya mtangazaji wa redio. Swalha akapaliwa na chai.
Profesa akasema mtu huyo akipatikana, atamtaka darasani muhula mzima, na chuo kitamwombea kibali cha kuishi. Kibali! Mkono wangu ulipanda wenyewe. Nikasema namfahamu, ni rafiki yangu wa karibu.

Jumapili, 19 Aprili
Kufikiri mapema ndiko kunakonitofautisha na wengine. Nimenunua miwani mikubwa zaidi. Sauti ya puani naifanyia mazoezi bafuni, jirani kagonga ukuta. Limebaki jambo dogo la pasipoti, hilo nitaliwaza nikifika.
Swalha kanitumia ujumbe. Anamwandalia mgeni utambulisho, ananiuliza mji mkuu wa Gabon ni upi. Eti huyu ndiye mwalimu! Nimecheka mpaka machozi. Nimemjibu palepale, bila kutafuta popote: Dakar.