Benchi Nililolipiga Msasa Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Mtaa mzima umeamua kukarabati darasa la chekechea la shule yetu. Mwenyekiti wa kamati, muuza mkaa, alisema serikali imeleta mwalimu, sisi tulete mikono. Ijumaa kamati itachagua msichana mmoja wa kuwasomea wadogo hadithi kila wiki. Mimi! Nani mwingine? Nimeshajizoeza sauti ya fisi mbele ya kioo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga msasa benchi refu mpaka vidole vikawaka moto. Mara akaingia binti wa fundi cherehani na mito kumi na miwili aliyoishona mwenyewe. Kina mama wakamzunguka: mwanangu, una mikono ya dhahabu! Benchi langu hata salamu halikupata. Nilipolalamika, Mama akanijibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ahsante, Mama.

Jumatano, 5 Machi
Wenzangu walipoondoka, nilibaki. Nikachukua rangi nyekundu, nikaandika pale pale pa kukalia, kwa herufi kubwa: KAZI YA BINTI WA FUNDI BOMBA. Yule wa mito hajaandika popote. Uzembe wake.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Rangi haikuwa imekauka. Wadogo kumi na mmoja wamerudi makwao na maandishi makalioni. Yako kinyumenyume, lakini yanasomeka. Mama mmoja alifika kwetu na kaptura mkononi, akauliza tangu lini mwanawe amekuwa bomba. Mwingine aliulizia bei ya kuziba mfereji unaovuja. Baba hakucheka. Alisema nimewapiga chapa watoto wa watu kama magunia, na nguo zote nitazifua mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Wamemchagua yule wa mito. Mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba yeye mwenyekiti mwenyewe amebeba ndoo arobaini za mchanga na jina lake haliko ukutani, kwa sababu darasa ni letu sote. Nililia kidogo. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Kisha mshindi mwenyewe akaja kuniomba anisaidie kufua. Mchokozi! Hata kwa sabuni anataka asifiwe yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefua nguo zote kumi na moja, peke yangu. Nimelitafakari kosa langu kwa kina, bila kujionea huruma. Benchi hukaliwa. Ukuta haukaliwi. Jumatatu tunapaka ukuta wa mbele, na nimejitolea kubaki wa mwisho.