Mizabibu Arobaini ya Clelia

Jumatatu, 8 Septemba

Binti yangu Ornella ametoa hukumu mezani, kabla sijamaliza supu. Mstari wa juu utang'olewa Siku ya Mtakatifu Martino, mwezi Novemba. Mizabibu arobaini. Anataka kupanda zabibu ya Ruchè pale, kwa sababu Ruchè ina wateja, na ile ya juu haina hata jina. Shamba na ghala la mvinyo ni vyake sasa. Nilimkabidhi mwenyewe mbele ya mwanasheria. Sikujua kwamba nakabidhi na mstari wa mama yake.

Maelezo kidogo. Mstari ule aliupanda babu yangu. Zabibu zake ni nyeusi, ngozi nene, na mvinyo wake unanukia pilipili manga na waridi kavu. Marehemu mke wangu, Clelia, aliufunga kila Machi kwa fito laini za mwerebi, mzabibu mmoja mmoja, miaka arobaini na mmoja. Waya hakuutaka. Mimi zabibu hiyo naiita Clelina. Nataka jina hilo lisomeke kwenye chupa nikiwa bado na macho ya kulisoma.

Nimemwambia Ornella kwamba hakuna aina kama hiyo popote. Akasema, haya Baba, lete mtu wa kuthibitisha. Akikubali, mstari unabaki. Akikataa, trekta linaingia. Tumepeana mikono. Hajui kwamba nilishaandika barua tangu Julai. Dokta Tamburelli, mtaalamu wa mizabibu, anafika Alhamisi.

Nimelala mchana kwa raha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepanda juu kukagua. Vichala vimejificha nyuma ya majani kama wanafunzi wa dawati la mwisho. Dokta atapita, ataona majani, ataondoka. Haiwezekani. Nimechukua mkasi wa kupogolea na kuondoa majani yote, mzabibu wa kwanza mpaka wa arobaini. Kazi ya saa saba. Mgongo umekataa kunyooka, lakini vichala sasa vinaonekana hata kutoka barabarani.

Tawi moja tu limenishinda. Mzabibu wa mwisho umelipenyeza kwenye uzio wa Secondo Gavello, na upande wa Secondo mimi siingizi mkono.

Secondo nilimfundisha darasa la tatu. Mpaka leo ana shamba kubwa la zabibu za Grignolino na mwandiko mbaya. Huwaambia watu baa kwamba Clelina ni Grignolino yake tu, iliyoharibika kwa kukaa karibu na mwalimu. Leo aliegemea uzio akanitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Mwalimu, mbona unawavua nguo na mgeni hajafika?" Nikamjibu kwamba hiyo ni maandalizi, neno ambalo hakulijua darasani na halijui sasa.

Jumatano, 10 Septemba

Kwezi.

Wameshuka alfajiri, kundi zima. Vichala vilivyoonekana kutoka barabarani vilionekana pia kutoka angani. Hilo sikulipigia hesabu. Yamebaki makonyo.

Nimekaa chini dakika kumi. Kisha nikanyanyuka, maana Alhamisi haisubiri mtu anayelia. Tuna mistari sita ya Freisa, nayo ni nyeusi vilevile. Nimekata vichala thelathini, nikavifunga kwenye mizabibu ya Clelia kwa fito za mwerebi, kwa fundo lake yeye, mizunguko miwili na kupinda. Mkono unakumbuka. Huu si udanganyifu. Shuleni tulikuwa na tufe la karatasi, na hakuna mzazi aliyelalamika kwamba si dunia yenyewe. Ni kielelezo.

Ornella aliniuliza nimekuwa wapi siku nzima. Nikasema, na mama yako.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika yote kwa mpangilio.

Dokta Tamburelli ni mama mfupi mwenye viatu vya kazi na haraka. Nilimwelekeza kwenye vichala. Hakuvitazama. Alisema mzabibu hutambuliwa kwanza kwa jani: meno yake, mikato yake, vinyweleo vya chini. Majani yako wapi?

Ornella akanitazama. Nikaonyesha machipukizi mabichi yaliyoota chini kabisa ya shina. Dokta akasema kwa upole kwamba hayo ni ya shina la Kimarekani, lile ambalo juu yake hupandikizwa karibu kila mzabibu wa Ulaya tangu mdudu alipokula mizizi ya mababu zetu. Somo hilo nimelifundisha miaka thelathini na minane. Kwa michoro.

Ndipo alipogusa kichala. Kikambakia mkononi pamoja na ufito.

"Freisa nzuri hii," akasema.

Ornella alifumba macho. Dokta akasema angeweza kuchukua kipande cha tawi kwa maabara, lakini baada ya kuona vichala vya kufungwa, hapa hatachukua kitu asichokiona kimeota chenyewe, chenye jani na tunda lake. Akaanza kufunga mkoba.

"Mimi ninalo tawi," sauti ikatoka ng'ambo ya uzio. Secondo, bila shaka. Alikuwa amesimama pale muda wote, anakula jibini. Tawi la mzabibu wa mwisho lilikuwa kwake, na majani yake yote na vichala viwili. Alikuwa amelifunika kwa wavu tangu asubuhi ya jana, alipoona ndege.

Lakini kulikuwa na sharti. Mwalimu aseme, mbele ya Dokta na mbele ya Ornella, kwamba Grignolino ya Gavello ndiyo bora katika kijiji hiki.

Niliutazama mstari. Makonyo na mafundo.

Nikasema. Niliongeza kwamba ubora ni dhana pana yenye vipengele kadhaa. "Baba," akasema Ornella. Nikasema tena, bila vipengele.

Dokta alizunguka kwa Secondo, akakata. Aligeuza jani, akalipapasa, akaonja zabibu moja na kutema kokwa. Kisha akasema hajui ni nini, na kwamba si kawaida yake kutojua. Majibu ni ya mwezi ujao.

Jumanne, 7 Oktoba

Barua imefika. Ornella aliisoma kwa sauti jikoni. Zabibu hii hailingani na aina yoyote katika orodha yao. Dokta atarudi Juni kutazama mstari mzima, na anaomba, kwa herufi nzito, asiwepo mtu wa kugusa jani.

Ornella akaikunja barua na kusema, "Basi Baba, trekta halipandi." Akanikumbatia. Ananukia mvinyo mpya, kama mama yake kila Oktoba.

Kisha nikaisoma barua mwenyewe, mstari kwa mstari. Sampuli huandikishwa kwa jina la shamba ilipokatwa. Jina la muda: Gavello 1.

Gavello.

Jumatano, 8 Oktoba

Ornella amempigia simu Dokta. Jambo dogo, anasema. Kuna fomu. Mwenye shamba ilipokatwa sampuli akitia saini kwamba shina liko kwetu, jina linabadilishwa, na tunaweza kuandika Clelina. Ameongea na Secondo pia. Secondo amesema atasaini hata leo. Mwalimu aje tu jikoni kwake, aombe, wanywe glasi moja.

"Glasi moja, Baba. Utafika kwa mguu."

Nimelifikiria kwa utulivu. Nikiomba, nitakuwa nimeomba. Na glasi itakuwa ya Grignolino, na ataniuliza nimeionaje.

Iko njia iliyo rahisi zaidi. Dokta akirudi Juni asikute tawi lolote kwa Secondo, ataona wazi kwamba hakuna kitu cha Gavello hapa, na jina litaanguka lenyewe. Nimemwahidi Ornella sitagusa jani. Nitatimiza ahadi, maana mimi ni mtu wa ahadi. Tawi si jani.

Mkasi nimeunoa. Secondo anaenda sokoni kesho saa mbili.