Jogoo Hafi kwa Kura

Ghorofa ya saba, mlango wa mwisho,
Pipeline, Embakasi,
Nairobi.

Kwa mafundi wote mlioandika ile programu ya habari za kupigiwa kura, popote mlipo, mmekula au hamjakula:

KUH: PROGRAMU YENU INATAKA KUMCHINJA JOGOO WANGU

Wanangu, salamu nyingi. Mimi ni Nafula, nyanyake Jacklyne, na humu wengi wananiita Kukhu, yaani nyanya. Darasani sijawahi kuingia, hata kwa kufagia. Maneno haya ni yangu, vidole ni vya Jacklyne, na akipunguza neno namjua kwa macho.

Jacklyne ndiye aliyewaleta kwenye ploti yetu, hili jumba la wapangaji. Anasema programu yenu ni huria: hamuiuzi, maandishi yake ya ndani mmeyaacha wazi, na anayeweza anaichukua na kuibadilisha atakavyo. Kwa hilo Mungu awabariki, mama zenu walilea. Basi akaichukua, akatutengenezea mtandao unaoitwa Habari za Ngazi. Mpangaji anaandika habari yake, wengine wanabonyeza mshale wa juu au wa chini, na yenye kura nyingi inapanda. Jumamosi adhuhuri Kimeu, keateka wetu anayetunza ploti, anashughulikia ile iliyo juu kabisa. Hivyo ndivyo tulivyozibuliwa choo na kuwekewa taa kwenye ngazi. Nilishangilia sana. Sikujua foleni inakuja kwangu.

Wiki hii iliyo juu ni ya Gachanja wa ghorofa ya sita, kijana wa kibarua cha kiwandani: "Jogoo wa Kukhu anawika saa kumi alfajiri. Kimeu amchinje tulale." Leo ni Alhamisi. Kimeu ameshaanza kunoa kisu, nimemsikia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mshale wenu ni mwongo. Gachanja aliweka picha ya jogoo, na jogoo wangu ni mzuri, tuseme ukweli, shingo yake inameta kuliko viatu vya mchungaji. Maneno sikuyasoma, ningeyasoma na nini? Niliona picha, nikabonyeza juu. Nikawaambia akina mama wa kanisa wote wanaoishi humu: mkimwona jogoo wangu, mpandisheni! Wakampandisha kwa vigelegele. Tangu lini mtu akapandishwa ili achinjwe? Kwetu anayepandishwa anapewa kiti.

2. Jacklyne alipotusomea, tuliondoa kura zetu papo hapo. Habari haikushuka. Watu walikuwa wameshaona msururu, na mtu wa Pipeline akiona msururu anasimama kwanza, kinachogawiwa atauliza baadaye. Millicent wa ghorofa ya kwanza amepiga kura afe jogoo ambaye hajawahi kumsikia. Nikamuuliza, "Binti, amekukosea nini?" Akanijibu, "Shosh, si niliona kila mtu amebonyeza!" Huyu ndiye mmempa mshale.

3. Kura ya ghorofa ya kwanza na ya ghorofa ya saba mmezipima sawa. Hapa hakuna lifti. Ndoo ya maji iliyoachwa kando ya bomba na ndoo hiyo hiyo ikifika saba si ndoo moja, waulizeni magoti yangu. Kura nayo iongezeke uzito kadiri inavyopanda ngazi. Gachanja yuko ya sita, ndiyo. Namzidi kwa moja. Inatosha.

4. Nyanya ahesabiwe pamoja na wajukuu wake, hata walioko Bungoma. Jacklyne anasema, "Kukhu, hiyo ni wizi wa kura." Nimemwambia si wizi, ni uzazi. Aandike.

5. Mnajigamba kwamba hii ni sauti ya jamii. Ni nani katika ploti hii anayesikika ghorofa zote bila bando? Na huyo huyo hana akaunti! Mshtakiwa hana hata pa kubonyeza. Eti hawezi kusajiliwa kwa kuwa hana namba ya simu. Atumie yangu.

6. Nikikaa nikifikiri, jogoo ndiye aliyekuwa programu huria kabla yenu. Haombi malipo. Anayetaka nakala aje na tembe wake. Stima ikipotea anaendelea na kazi. Habari yake ni moja, kwamba kumekucha, na haijawahi kuwa uongo hata siku moja. Kwa hivyo naomba mtandao ufungwe, na kazi ya habari arudishiwe mwenyewe.

7. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Kwetu jogoo hafi kwa kura. Jogoo hufa kwa mgeni. Mtu akiingia kwangu mara ya kwanza akaketi, mimi najua, jogoo anajua, hakuna wa kubonyeza. Lakini kufa hivi hivi, bila mgeni, bila hata ugali wa kumsindikiza, kwa sababu wengi wamesema? Huyu amelala kando ya kitanda changu tangu Opicho, mume wangu, anitangulie. Kuna asubuhi nyingine ni yeye peke yake aliyenisemesha. Wanangu, fungueni maandishi yenu mtafute mahali pa kuandika hilo. Kama pahali hapo hapapo, basi programu yenu haijaisha.

Nisalimieni mama zenu, wake zenu na waume zenu, na watoto msiwaache na njaa mkibonyeza-bonyeza. Yule mwenzenu aliyechora mshale wa chini naye msalimieni, ila mwambieni namtafuta.

Ni mimi mwenye uchungu na upendo,
Nafula, mama Makokha.

N.B. Barua hii haikwenda, bando liliisha. Leo ni Jumatano ya wiki iliyofuata, na mambo yamegeuka.

Ijumaa jioni Gachanja alipanda mwenyewe, akabisha hodi. Alisema amesikia Kimeu akinoa kisu na roho yake haijatulia. Hajawahi kuingia kwangu. Nikamwambia keti. Akaketi.

Sasa mngefanyaje? Nilimwangalia jogoo, naye akaniangalia. Firigisi nilimpa Gachanja, kama desturi inavyotaka. Alikula mpaka akalegeza mshipi, maskini, kumbe tangu aje Nairobi hajaitwa kwa mtu.

Jumatatu alichelewa kuamka, hakuna aliyewika. Alifika kiwandani akakuta geti limefungwa, vibarua wengine wameshachukuliwa. Kwa hivyo sasa saa kumi alfajiri nagonga kwa mchi sakafu yangu, ambayo ni dari yake, mpaka aitike kwa sauti, "Nimeamka, Kukhu!" Nami namuuliza amelalaje, na amekula nini jana, naye ananijibu yote kupitia dirisha. Ploti nzima inatusikiliza, itake isitake.

Iliyo juu kwenye Habari za Ngazi ni hii, ameiandika Gachanja: "Kukhu atafutiwe jogoo mwingine haraka, mchi umetushinda." Nimebonyeza juu. Akina mama wamebonyeza. Millicent amebonyeza, hajasoma.

Wanangu, programu msiiguse. Iko sawa kabisa.