Ng'ombe Asiye na Kapu

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba hapa wilayani Dalgok hakuna tena jambo linalosemwa redioni kabla halijajulikana ni jambo la aina gani.

Sifa zote zimwendee Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Tak Jong-gu. Alikuwa kinyozini, akisikiliza Redio Dalgok, alipogundua kwamba tangazo la msiba wa fundi baiskeli limefuatiwa papo hapo na ngoma za akina mama wa bondeni. Alisikitika sana. Akaunda Kamati ya Kuainisha Matangazo, nami, Gu Beom-su, nikateuliwa katibu. Makapu yetu ni matatu: Habari za Jamii, Sanaa, na Utamaduni. Kisichoingia kapuni hakiingii hewani, na Mheshimiwa alitia saini kwamba sheria hii haina msamaha kwa yeyote, hata kwake.

Kazi si nyepesi. Chukua mfano wa kutengeneza kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili. Wakitengeneza mabibi, ni utamaduni. Wakigombana juu ya chumvi, ni habari za jamii. Akipita mke wa Mheshimiwa akapigwa picha amevaa glavu, ni sanaa. Mtu wa kawaida hawezi kuyajua haya bila posho.

Siku moja kabla ya Tamasha la Maua, Bibi Pyo Mal-sun wa kijiji cha juu aliingia studio na mabuti yake ya mpira yenye matope.

"Wanangu, ng'ombe wangu Boksil ametoroka," alisema. "Ana mimba na siku zake zimetimia. Akizalia barabarani malori yatamponda. Nitangazieni, atakayemwona anishikie."

Mtangazaji wetu, Dada Seol Ga-hee, alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kipaza sauti. Binti huyu ana kipaji lakini hana subira. Nilimzuia.

"Bibi," nikauliza kwa upole wa kiofisi, "ng'ombe huyo ni habari ya jamii, sanaa, au utamaduni?"

"Ni ng'ombe."

"Naelewa. Lakini yumo kapu gani?"

"Beom-su," alisema Bibi Pyo, "nimekufahamu tangu ukikojoa kitandani. Usinichezee. Sina mume, sina shamba la maana, nina huyo ng'ombe. Washa hicho kidude."

Niliitisha kikao cha dharura. Tulifunga mapazia, kama kawaida yetu, ili tusishawishiwe na matukio. Mjumbe mmoja akasema ng'ombe ni utamaduni, kwa kuwa babu zetu walilima naye. Mwingine akasema ng'ombe aliyepo ni utamaduni, ila aliyepotea ni jamii. Hoja zilikuwa nzito, tukaagiza tambi za mchuzi mweusi. Haraka haraka haina baraka.

Bibi Pyo alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono magotini. Machozi yalikuwa karibu, nami nilimhurumia kwa kiwango kinachoruhusiwa.

"Kuleni tu," alisema. "Na yeye mahali alipo anakula."

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa, nayo ilisikika chumba kizima.

"Katibu! Kuna ng'ombe usoni kwangu!"

Nieleze. Uwanjani, ng'ambo ya mapazia yetu, watunza bustani walikuwa wamekuza maua ya krisanthemu, ya njano na meupe, yakafanya uso wa Mheshimiwa akitabasamu, mkubwa kuliko nyumba. Kesho yake wageni kutoka mkoani wangekuja kuuzindua.

"Ameshamaliza mdomo!" akasema Mheshimiwa. "Ana pembe, askari wanamwogopa. Tangaza sasa hivi mwenye ng'ombe aje!"

"Mheshimiwa, kamati bado haijaamua tangazo hilo ni la kapu gani."

"Kapu la mama yako! Tangaza!"

"Sheria haina msamaha, Mheshimiwa. Saini ni yako."

Akashusha sauti: "Ameanza pua."

Bibi Pyo alishainuka. "Mwenye ng'ombe si mimi hapa?" Nilimweleza kwamba kiofisi bado hajapata taarifa. Akanipita kama nguzo. Dada Seol akabeba kipaza sauti na waya wake, akamfuata. Nilimkumbusha utaratibu.

"Ile sura ya maua mliiweka kapu gani?" akaniuliza.

"Sanaa."

"Basi hii ni tathmini ya sanaa."

Akaingia hewani. "Wasikilizaji, tuko mbele ya uso wa Mkuu wa Wilaya. Msanii mgeni, Boksil wa kijiji cha juu, ameuondoa mdomo, na wengi hapa wanaona kazi imependeza zaidi. Sasa amelala kwenye kidevu. Bibi Pyo anasema ana uchungu."

Bonde zima lilikuja, wengine na aproni zao za jikoni. Mheshimiwa alifika na suti mpya, akipiga kelele aondolewe mnyama yule.

"Wewe, punguza sauti, unamtisha," alisema Bibi Pyo. "Njoo shika miguu hii. Nikisema vuta, vuta."

Alivuta. Redio Dalgok ilirusha kila neno. Ndama alitoka jike, mzima, akamwangusha Mheshimiwa chali katikati ya shavu lake mwenyewe. Bibi Pyo alilia waziwazi, na mimi, nje ya majukumu yangu, nililia pia.

Kamati ilipokaa kuainisha tukio lile, wasikilizaji walikuwa wamejaa mlangoni, wakitaka Bibi Pyo awe mwenyekiti. Mheshimiwa, kwa kuwa uchaguzi uko karibu, aliridhia.

Asubuhi ya tamasha akaja mwenyewe na hotuba yake ya uzinduzi, aisome redioni. Bibi Pyo alikuwa mezani, tambi mbele yake. Aliipokea, akaipima uzito mkononi.

"Hii ni habari ya jamii, sanaa, au utamaduni?"

"Bibi, ni hotuba," alisema Mheshimiwa.

"Naelewa, mwanangu. Lakini imo kapu gani?"

Mheshimiwa alinitazama. Mimi nilitazama mapazia.

"Kaa pale kwenye kiti cha wageni," alisema Bibi Pyo, akivuta bakuli lake. "Tukimaliza kula, tutakuita."