Mama Bukwe Amefika Panda

Camille alipenda magodoro kuliko wasichana walioyabeba. Anayeshuka treni na sanduku tu, alisema, huyo amekuja kusalimia watu. Lakini anayeshuka na godoro kichwani hana pa kulitandika, na asiye na pa kulala habishani bei. Basi kila masomo yalipokaribia kuanza, bwana mkubwa alivaa abacost yake, suti ile isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi hadi ikang'aa makalioni, akaenda kusimama kwenye gare ya treni ya Likasi kama mtu anayemngoja waziri.

Siku ile godoro lilishuka na Clotilde chini yake, na gunia la vitabu mkononi.

"Citoyenne, hii godoro inaenda wapi?"

"Inatafuta nyumba, citoyen."

"Haya! Njo imeipata."

Clotilde alitoka Mwene-Ditu. Alikuwa amemaliza graduat, ile miaka ya kwanza ya chuo, na sasa alikuja kufanya licence, shahada yenyewe, katika shule kuu ya mjini. Lakini Likasi ya miaka ile, ndugu yangu, acha tu! Nyumba nzuri zote zilikuwa za kampuni ya madini, na kampuni ilimpa nyumba mfanyakazi na familia yake, basi. Wengine waligombania vibanda ambavyo mbuzi mwenye heshima zake angevikataa, kwa bei ya kumtoa mtu machozi.

"Nilikuyaka juma ilipita," alisema msichana. "Nilitafuta mpaka kiatu ikakatika, nikarudia kwetu. Nikikosa nyumba tena, baba amesema nirudie, niolewe na fundi wa baiskeli mwenye bibi wawili. Masomo inaisha pale pale."

Macho yalimlowa. Camille alimhurumia, tena kwa dhati, tangu mlango wa gare hadi barabarani. Huruma kwake ilikuwa kama mafua, ilimpata lakini haikumlaza.

Nyumba aliyompeleka ilikuwa kambini Panda: vyumba viwili, bomba la maji uani, mpapai mlangoni. Ilikuwa ya kaka yake Barthélemy, aliyetumwa na kampuni kufanya kazi Kolwezi kwa muda, akamwachia mdogo wake ailinde. Camille aliilinda kwa njia yake. Alijibakizia chumba cha mbele, akampa Clotilde cha nyuma, akapokea garantie, ile amana ya kodi, ya miezi mitatu, iliyofunguliwa kutoka kwenye pindo la kitenge.

"Kitu moja tu, mama. Kambi haipendi bageni. Muntu akikuuliza, sema weye njo bibi yangu."

Hapo ndipo ilipolala akili yake yote. Mtu uliyemfundisha uongo hawezi kwenda kukushitaki. Baada ya siku chache angekuja rafiki yake Lambert, kavaa kofia ngumu ya mgodini na uso wa ofisi, akinguruma, "Nyumba ya kampuni! Huyu mwanamuke ni nani?" Camille angetetemeka, mwanafunzi angetetemeka zaidi, angebeba godoro lake na kutokea nyuma bila hata kuitaja garantie. Wanafunzi watatu walikuwa wamekwisha kutokea mlango ule. Camille alikuwa na viatu vipya.

Lambert alichagua Jumamosi ya salongo, kambi nzima ikiwa nje kwa lazima na mafagio na majembe, ikisafisha mitaro. Alipenda watazamaji. Aibu, alisema, inafanya nusu ya kazi.

"Nyumba ya kampuni! Huyu mwanamuke ni nani?"

Clotilde alitoka akipangusa mikono. Hakutetemeka hata kidogo.

"Minye ni bibi ya Camille."

Lambert alimtazama Camille. Hilo halikuwamo katika mazoezi.

"Bibi? Nani anakujua?"

"Mama yangu si anajua? Mama! Kuya uone, banauliza kama minye ni bibi ya nani!"

Jikoni akatoka mama wa haja, mpana, kitenge kimekazwa kifuani, kuku kwapani. Alikuwa ameingia alfajiri Camille akikoroma. Akamwendea Camille moja kwa moja.

Sasa lazima ujue Camille alilelewa vipi. Alikuwa Muluba wa Kasai, na kwao mwanaume hamtazami mama bukwe, mama wa mke wake, usoni, hali chakula mbele yake, halali chini ya paa moja naye, na wakikutana njiani anampisha njia nzima. Mama yake Camille alimfundisha hayo kwa fimbo ya mpera. Kwa hiyo kabla kichwa hakijasema "uongo mtupu huu", miguu ilikuwa imeshaondoka. Camille alijikuta ndani ya mtaro, tope magotini, mgongo umegeuzwa, kichwa kimeinama.

Salongo ikasimama. Jirani yao Marceline alirusha fagio juu.

"Yo! Camille ameoa! Muone vile anaheshimu mama bukwe!"

Vigelegele vikapasuka. Hata Lambert, mpumbavu yule, alivua kofia akatoa pongezi.

"Asante, mukwe wangu," alisema yule mama. "Minye ni Mama Gertrude. Nimekuya kukala na binti mpaka amalize licence. Ni myaka mbili tu."

Kusema na mama bukwe ana kwa ana ilikuwa mwiko.

"Marceline, mwambie mama kama... kama..."

Kama nini? Aseme si mke wake, basi ni nani katika nyumba ya kampuni? Mpangaji? Habari ingefika ofisini kabla ya chakula cha mchana, Barthélemy angepoteza nyumba, na Barthélemy alikuwa na mikono ya kubebea mawe.

"Mwambie mama akaribie," alisema kwa sauti ndogo.

"Na weye utalala wapi?" aliuliza Marceline kwa utamu. "Chini ya paa moja na mama bukwe?"

"Haiwezekani!" kambi iliitikia kwa pamoja.

Wakamtolea vitu vyake dirishani. Akaondoka Panda na godoro lake kichwani. Lambert alimpokea mlangoni kwake kwa mikono miwili, mmoja wa kumkumbatia na mmoja wa kupokea.

"Karibu, ndugu. Garantie, miezi mitatu."

Pesa ya Clotilde ikabadili mfuko.

Majani yalikuwa yameota tena mitaroni Lambert aliporudi na habari, akicheka hadi kukohoa. Mama Gertrude hakuwa na binti! Alizaa wavulana watupu. Alikuwa shangazi wa Marceline, muuza samaki wakavu wa Kamatanda. Marceline alichoka kuona wasichana wakipita dirishani kwake wakilia na magodoro, akapatana na Clotilde, akamtuma shangazi aje.

"Leo njo leo!" alisema Camille, akachukua njia ya Panda huku akijifunza matusi njia nzima. Aliyapanga vizuri, kutoka madogo hadi yale ya kuapizia.

Kwenye kona ya kambi, njia ilipokuwa nyembamba, Mama Gertrude alikuwa anakuja na beseni lake la samaki. Camille akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Mama Gertrude alipita katikati ya njia, bila haraka.

"Asante, mukwe wangu. Clotilde amefaulu mitihani ya kwanza. Anakusalimia sana."

"Asante, mama," alijibu Camille kutoka mtaroni, akiwa ameinamisha kichwa.