Episenta ya Shule Yetu

Jumatatu, Juni 9
Ijumaa ni siku ya tuzo. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili atasoma hotuba ya kumkaribisha mgeni, kwa Kiingereza. Ni mimi au Lynette. Baba atafunga duka lake la mtaani kwetu, West Indies, aje kusikiliza. Hajawahi kulifunga, hata nilipobatizwa! Lazima niwe mimi. Lynette ana sauti. Mimi nina kamusi.

Jumanne, Juni 10
Nimelipata neno! Episenta. Lilianza kwa wanajiolojia: mahali juu ya ardhi, moja kwa moja juu ya pale tetemeko lilipoanzia. Halafu magazeti yakaliazima. Sasa Kiingereza kina episenta ya mitindo, ya muziki, ya kila kitu. Tetemeko hakuna. Nimeandika kwamba Mwalimu Mkuu wetu, Madam Leonida, ni episenta ya shule. Nimelirudia mara nne. Lynette alichungulia akauliza, "Wee Waiyego, hiyo ni dawa ya kikohozi?" Wivu tu.

Jumatano, Juni 11
Nimesoma mbele ya Madam. Nilisahau kwamba alifundisha Jiografia miaka ishirini. Alivua miwani polepole. Akauliza, kwa upole wa kutisha, ni nyumba gani zimeanguka kwa sababu yake. Nikasema hiyo ni maana ya magazeti. Akasema magazeti anayasoma, na humo episenta huwa ya kipindupindu, ya ufisadi, ya fujo. Yeye ni episenta ya nini? Nikajaribu kuokoa hali kwa Kiswahili: Madam, wewe ni kitovu. Akajishika tumbo. Mwalimu Kiprotich, aliyeketi pembeni, alicheka hadi akamwaga chai. Darasa zima sasa linaniita Kitovu.

Alhamisi, Juni 12
Lynette ndiye atasoma. Nimemwambia Baba. Alifuta kaunta iliyokuwa safi. Kisha akauliza kama hakuna hata kasentensi kamoja nitakakosema. Leo sitalala vizuri.

Ijumaa, Juni 13
Asubuhi nimemsihi Madam. Amekubali! Baada ya chakula, githeri ya mahindi na maharagwe, nitamshukuru Mama Nyokabi, mpishi wetu, mbele ya wazazi wote. Sentensi moja. Amesema: maneno ya kawaida, Waiyego. Nimeapa. Episenta nimeikoma kabisa. Baba yuko safu ya kwanza, amevaa tai. Na kamusi imenipa neno lenye joto zaidi. Nitasema githeri ya Mama Nyokabi ni volkano tumboni mwetu.