Kaburi Lenye Paa Ni Jengo

(Hotuba ya Mheshimiwa Fredy Kiwelu, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji Mdogo wa Kiwaroni, kwenye uzinduzi wa daraja, siku mbili baada ya Krismasi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe kwa kuwa yule tuliyemwalika amepata udhuru, Waheshimiwa Madiwani, Wakuu wa Idara, Makaimu wao, na wanaowakaimu Makaimu, Baba Paroko na Mchungaji, mlioketi benchi moja kama ishara ya utulivu, wazee wangu, shikamooni, ndugu zetu mliopanda kutoka Dar kuja kula Krismasi na kuwasafishia marehemu makaburi, stakeholders wote, itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi ya watumishi.)

Ndugu wananchi, leo ni siku kubwa. Nasimama ukingoni mwa mto huu uliowasumbua tangu enzi za mababu, mto ambao masika iliyopita ulimzuia binti yetu Stella kufika hospitali pale Mawenzi, akajifungulia kwenye majani ya migomba. (Sauti: "Na mtoto akafa!") Ndiyo, nilikuwa nakuja hapo. Halmashauri ilituma rambirambi, nami nikaapa mbele ya kikao cha fedha kwamba daraja litajengwa, na leo kwa fahari natamka kuwa utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kumi na mbili kwa upande wa matumizi.

Sasa, daraja haliletwi na mvua. Linaletwa na mapato. Kwa hiyo, kwa ubunifu uliotupatia cheti, tulifanya uthamini shirikishi wa majengo yote, na mthamini wetu alipokuwa akipita vihambani mwenu, humo migombani mnamoishi, alikuta majengo madogo ambayo hayajawahi kulipiwa kodi hata senti tano: yana vigae, yana nguzo, yana mabati ya rangi, mengine yana hadi geti. (Sauti ya mama: "Hayo ni makaburi!") Mama, naomba utaratibu. Sheria ndogo yetu haiulizi nani amelala ndani, inauliza kama kuna paa. Na kwa kuwa wakazi wa majengo hayo hawana mita ya umeme, kodi yao tumeihamishia kwenye mita ya aliyebaki hai.

Najua kuna minong'ono kuhusu Mama Yuditha, mjane aliyeketi pale mbele, kwamba kila akinunua umeme anakatwa kodi ya nyumba yake na ya marehemu mumewe, mzee Thadeus, hata amerudi kwenye kibatari. Mnasema sina huruma. Uongo mtupu! Mama huyu alikuja ofisini kwangu ameshika jani la sale, nami ni mtoto wa mlimani, najua kwetu mtu akikuletea sale kukuomba msamaha huwezi kumkatalia. Sikumkatalia. Nililipokea kwa mikono miwili, likagongwa muhuri wa masjala, likafunguliwa faili, na lilipoanza kukauka tukaliundia kamati. (Mama Yuditha anajifunika uso kwa kitenge.)

Halafu yuko mzee wa kanisa Eliudi, anayepita nyumba kwa nyumba akieneza fikra za kale. Anasema nyumba haitagi mayai, kwa hiyo mjane asitozwe kwa ukubwa wa nyumba aliyojengewa na mwanawe aliye Dar, atozwe kwa kile anachokipata. Anasema kodi isipande mpaka wanaoilipa waulizwe. Anasema Halmashauri ijifunge mkanda kabla ya kumkaza mwananchi shingo, maana hata mfereji wa maji waliouchimba mababu haukuwa na idara wala dereva, na bado maji yanashuka. Kila aliyeyatumia alitoka na jembe lake kuuzibua. (Makofi marefu, vigelegele.) Makofi hayo hayakuwemo kwenye ratiba.

Mzee wangu Eliudi, shikamoo, lakini serikali si mfereji. Hao mababu waliandika andiko gani la mradi? Nani aliwafanyia capacity building? Sisi tumefanya mambo kitaalamu: tumekaa semina ya siku saba katika hoteli ya kitalii mjini Moshi tukijadili neno "daraja", tumekwenda ziara ya mafunzo katika nchi isiyo na mito, ili tujifunze bila kuathiriwa na maji, tumenunua gari la kufuatilia daraja, kisha gari dogo la kulifuatilia lile gari. Mkisema tupunguze matumizi, mnataka tupunguze nini hapo? Viongozi? (Sauti nyingi: "Ndiyo!") Nawashukuru kwa maoni yenu, yamepokelewa, na mnajua yanapelekwa wapi.

Kabla sijakata utepe, tuamshane kidogo. Nikisema "Kodi!" mjibu "Maendeleo!" Kodi! (Mbuzi analia.) Kiwaroni! (Mbuzi tena.) Paa ni paa! (Watumishi: "Ni paa!") Ahsanteni sana.

Mwisho, kwa heshima na taadhima, nawashukuru vijana wetu Isack na Sirili, ambao asubuhi hii walinibeba mgongoni kwa zamu kutoka ng'ambo nilikoliacha gari, maji yakiwafika kiunoni, wakanitua upande huu nikiwa nimelowa kiatu kimoja tu. Wananchi wa namna hii ndio hazina yetu. Utepe ule mnaouona, uliofungwa kutoka mgomba hadi mgomba, nitaukata sasa hivi, na daraja litahesabika limezinduliwa rasmi. Vijana, msitawanyike, nina kikao saa nane na lazima nirudi kule. (Anakata utepe. Vipande viwili vinaangukia mtoni.) Isack! Sirili! Njooni basi.

(Sauti ya Isack, akiwa amekaa na viatu vyake miguuni: "Mheshimiwa, daraja si umeshalizindua? Pita juu yake.")